Kura ya Tabibu: Je, Yajuzu Kujaribu Dawa kwa Wagonjwa?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akajaalia dawa, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mji wa Nzega si mgeni katika masikio ya watu wa pwani. Ingawa uko bara, kaskazini ya Tabora katika nchi ya Wanyamwezi, nchi ile ilikanyagwa na babu zao zama za misafara, walipokuwa wakitoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe, na wengine wakipinda kaskazini kulifuata ziwa. Leo Nzega ni njia panda ya mabasi: njia moja hutoka Tabora, moja hutoka Singida, na moja huenda Shinyanga na Mwanza, na mfanyaji biashara wa Tanga au wa Dar es Salaam aendaye Mwanza hupita hapo, hunywa chai, akaendelea na safari yake. Homa ya malaria haijaondoka katika nchi ile, na mwenye kulala huko wakati wa mvua bila ya chandalua hulala juu ya hatari.

Basi na afikiriwe mtu wa Nzega, mwenye duka au mkulima wa mpunga, ambaye mtoto wake ameshikwa na homa kali. Ampeleka hospitali. Tabibu ampima, kisha amwambia mzazi: Dawa ziko mbili, na katika ilimu ya leo hapana ajuaye ipi iliyo bora, hospitali inaomba ruhusa yako mtoto aingie katika hesabu ya wanaojaribiwa, na kura ndiyo itakayoamua apewe ipi. Mzazi hushtuka. Amemjia mjuzi, na mjuzi amekiri kwamba hajui. Amekuja kutafuta dawa, naye anaambiwa khabari ya kura. Na akiwapelekea nduguze khabari hiyo, watamwambia kwamba mwana wa Adamu si panya wala mbuzi, na kwamba mwenye akili huchukua mtoto wake akaondoka.

Je, nduguze wamesema kweli? Swali hili si dogo, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba madaktari wana ilimu nyingi. Lina upande wa sharia, na upande wa akili, na upande wa mambo yaliyokwisha tendeka katika nchi hizi, na mengine katika hayo ni machungu.

Kwanza na itazamwe hali ya utabibu katika njia ile ile ya misafara. Mwaka 1857 Burton na Speke, Waingereza, walifika Kazeh, ndiyo Tabora, wakakaribishwa na Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman, naye akawafanyia hisani kubwa. Wote wawili waliugua katika safari ile, mmoja akashindwa kwenda kwa miguu yake na mwingine macho yakaingia kiza. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, naye alikuwa na vidonge vyake mashuhuri vya homa, vilivyochanganywa kwinini na dawa za kuharisha, na mojawapo ya dawa hizo ilitengenezwa kwa zebaki. Kwinini ni dawa ya kweli. Zebaki ni sumu. Na aliyepona kwa vidonge vile alivisifu vyote pamoja, asijue kilichomponya ni kipi na kilichomdhuru ni kipi. Na aliyekufa, ilisemwa kwamba homa yake ilikuwa kali.

Waganga wa Unyamwezi nao walikuwa na mizizi yao, na katika mizizi hiyo mna yenye nguvu. Na watu wa pwani walikuwa na mitishamba yao na kuumika kwao. (Kombe halisemwi hapa, kombe ni katika mlango wa dua, na dua ina hukumu zake.) Walakini Mzungu, na Mnyamwezi, na mtu wa pwani walikuwa sawa katika jambo moja, nalo ni kwamba hapana katika wao aliyehesabu. Waliopona husimulia, waliokufa hawarudi kusimulia. Kwa hivyo sifa ya dawa siku zote hutoka katika kinywa cha aliye hai, na dawa mbaya yaweza kusifiwa miaka mia.

Hapa ndipo penye neno kubwa la jambo hili. Tabibu anayempa mgonjwa dawa asiyoijua hakika yake, huyo anajaribu, apende asipende. Tofauti yake na mwenye kujaribu kwa dhahiri ni mbili tu: hakumwambia mgonjwa, wala hakuandika. Mtu huogopa neno la kujaribiwa anapolisikia kwa tabibu mwenye kulitamka, hali ya kuwa amejaribiwa mara nyingi na matabibu wasiolitamka, na yeye akawashukuru na kuwalipa.

Na kuyafanya matokeo yawe hakimu katika mambo ya namna hii si uzushi. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwakuta watu wa Madina wakiipandikiza mitende dume kwa jike, akasema kwamba hadhani kuwa jambo lile lina faida. Wakaliacha, na mavuno yakawa haba. Alipoambiwa, aliwarudishia jambo la dunia yao, kwa kuwa wao ndio walijuao zaidi. Basi ikiwa mbora wa viumbe aliyakubali matokeo ya shamba kuwa hukumu katika jambo la shamba, tabibu ni nani hata aone haya kuyakubali matokeo ya kitandani katika jambo la dawa?

Na matabibu wa Kiislamu hawakuona haya. Abu Bakr al-Razi aliandika katika kitabu chake al-Hawi kwamba wagonjwa wa maradhi ya sirsamu, yaani uvimbe wa ubongo, alilitoa damu kundi moja, na kundi la pili akaliacha makusudi bila ya kulitoa damu, apate kuondoa shaka. Kutoa damu leo si dawa ya maradhi yale, na hilo si la ajabu, kwa maana yeye aliishi zaidi ya miaka elfu moja nyuma. La ajabu ni kwamba aliona haja ya kundi la pili. Naye Ibn Sina, katika kitabu cha pili cha al-Qanun, aliweka masharti ya kujaribu dawa, na katika masharti hayo ni kwamba ijaribiwe katika mwili wa mwanaadamu, kwa sababu inayomfaa simba au farasi yaweza isimfae mtu. Hivyo asemaye kwamba jambo hili ni la Wazungu hajasoma vitabu vya wazee wake.

Ama khofu ya watu, hiyo ina asili. Mwaka 1906 Robert Koch, Mjerumani mwenye sifa kuu katika ilimu ya vijidudu, alikwenda visiwa vya Sese katika ziwa la Nyanza, upande wa Uganda, kutibu maradhi ya malale yaliyokuwa yakiua watu kwa maelfu. Dawa yake iliitwa atoksili, nayo ilikuwa na aseniki ndani yake. Wagonjwa walimjia kwa mamia, na wengi walipata nafuu kwa muda. Alipoona kwamba maradhi yanarudi, alizidisha kipimo, na watu zaidi ya 20 wakapofuka macho. Hapakuwa na kundi la pili la kulinganishia, wala hapana aliyempa mgonjwa khiyari ya kuchagua baina ya malale na upofu. Koch alitaka kuponya, hilo halina shaka. Walakini nia njema haikuwarudishia macho yao.

Na iko khabari iliyo karibu zaidi na Nzega kuliko hiyo. Mwenye kutoka Nzega kwenda Shinyanga hufika kwanza Tinde. Hapo, zama za serikali ya Kiingereza, palikuwa na maabara ya malale, na mwaka 1934 daktari mmoja, jina lake Corson, alianza uchunguzi uliokuja kuitwa kwa jina la mji ule. Swali lake lilikuwa hili: vijidudu vya malale vilivyotolewa kwa mtu, vikipitishwa na mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo na kutoka paa hadi paa kwa miaka, je, hupoteza nguvu ya kumdhuru mwanaadamu, au hubaki nayo? Ni swali zito, kwa maana jawabu lake ndilo lijulishalo kama mnyama wa porini au wa zizini aweza kuyahifadhi maradhi ya mtu siku nyingi. Walakini hapakuwa na njia ya kulijibu wakati ule ila kumleta mtu mzima wa afya, aumwe na mbung'o, na kutazamwa kama ataugua. Watu wakaletwa, wakaumwa. Walioambukizwa wakatibiwa kwa dawa iliyokuwako. Mwaka 1955 wachunguzi walichapisha khabari ya miaka 18 ya jambo lile, na jawabu likawa kwamba vijidudu vilibaki na nguvu yao kwa mtu.

Katika maandiko ya wachunguzi, watu wale wameitwa waliojitolea. Neno hilo lataka kuangaliwa kwa makini. Nchi ilikuwa imetawaliwa. Mwenye kuomba ni daktari wa serikali, na mwenye kuombwa ni mtu anayedaiwa kodi na serikali hiyo hiyo. Pengine wako walioelewa na kuridhia. Si haki kuwanyima akili zao kwa kuwa walikuwa wanyonge. Walakini ridhaa ni jambo la moyoni, na sharia haiihesabu ridhaa ya mwenye kushurutishwa; na baina ya kushurutishwa kwa bakora na kuridhia kwa moyo mweupe pana daraja nyingi, na mwenye kuogopa kusema hapana yuko katika mojawapo ya hizo. Wachunguzi waliandika joto la miili yao, na siku ambazo vijidudu vilionekana katika damu. Maneno yao hawakuyaandika.

Na jambo kama lile limetendeka tena, tena pwani. Mwaka 2012 huko Bagamoyo, vijana Watanzania waliokuwa wazima walidungwa vijidudu vya malaria makusudi, kwa ajili ya kutafuta chanjo, wakaangaliwa kila siku, na walipougua wakatibiwa mara moja. Mtu akitazama mwili tu, atasema kwamba Tinde na Bagamoyo ni kitu kimoja. Sivyo. Vijana wa Bagamoyo walielezwa, wakahojiwa kama wameelewa, wakatia saini, na walikuwa na haki ya kuondoka. Mwenye kuona kwamba bado si vyema mzima kujitia ugonjwani ana hoja, na wako wanavyuoni watakaomwunga mkono, kwa kuwa mwili ni amana na mwenye amana haichezei. Na mwenye kujibu kwamba mtu amejitia taabuni ili awaokoe watoto wa wengine naye ana hoja. Lakini hili si swali la mzazi wa Nzega. Mtoto wake hakuletwa mzima. Maradhi yamekwisha mwingia, na atapewa dawa, hii au ile; kinachoulizwa ni namna ya kuchagua tu.

Basi hukumu ya kura. Wako wanaosema kwamba kura ni kamari, na kamari ni haramu. Hii ni kuchanganya mambo mawili. Kamari ni mtu kuitia mali yake katika bahati ili ale mali ya mwenziwe, na kupiga ramli kwa mishale ni kutaka kujua ghaibu. Hayo yote yamekatazwa. Kura ya haki ni nyingine. Mtume alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na Qur'ani imetaja kura iliyopigwa ili ajulikane atakayemlea Bibi Maryam. Wanavyuoni wameiruhusu pale ambapo haki za watu zimelingana na hapana njia ya kumtanguliza mmoja. Sharti lake basi ni kulingana, na sharti hilo hilo ndilo linalotakiwa hospitalini. Tabibu mwenye yakini kwamba dawa moja ni bora hana ruhusa ya kupiga kura. Kufanya hivyo ni khiyana. Ikiwa shaka imelingana kweli, hapo kura humzuia asiwape dawa mpya rafiki zake na matajiri, au asiwape wale tu anaoona watapona, kisha akaisifu dawa kwa kupona kwao.

Uingereza, mara tu baada ya vita kuu vya pili, dawa ya streptomaisini ilikuwa haba sana, na wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wengi. Ikapigwa kura: wagonjwa 55 walipewa dawa, na 52 wakapewa mapumziko ya kitandani peke yake, kama ilivyokuwa ada ya matibabu wakati ule. Baada ya miezi 6, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4, na katika wale 52 walikuwa wamekufa 14. Khabari hiyo ilichapishwa mwaka 1948, na tangu hapo njia ya kura ikaenea duniani. Katika miaka ya 1970 na kitu hospitali za Afrika Mashariki zilifanya majaribio ya namna hiyo pamoja na Waingereza, na jawabu lao likawa kwamba kifua kikuu chaweza kutibiwa kwa miezi 6, badala ya mwaka na nusu kama ilivyokuwa. Mtu wa Nzega, au wa Lamu, amezaye vidonge vya kifua kikuu miezi 6 akarudi kazini, anakula matunda ya mti uliopandwa na wagonjwa asiowajua majina.

Walakini khabari ya streptomaisini huwadanganya watu kidogo, kwa kuwa ndani yake dawa mpya ilishinda, na msikilizaji hudhani kwamba kura humnufaisha aliyepata kitu na humdhulumu aliyekosa. Iko khabari nyingine, ya pwani hii na ya bara, na kila mzazi angefaa kuijua.

Tangu zamani madaktari wa nchi zote wamefundishwa kwamba mtoto mwenye maradhi makali, aliyepoa mikono na miguu kwa damu kutozunguka vyema, hutiwa maji ya chumvi mshipani kwa haraka, katika muda wa saa moja au karibu. Akili hulikubali jambo hilo. Katika nchi tajiri ndiyo ada, na katika hospitali nyingi za Afrika ilisikitikiwa kwamba vyombo havitoshi kuwapa watoto wote maji hayo. Mwaka 2009 pakaanza jaribio katika hospitali 6: Kilifi katika pwani ya Kenya, Muheza karibu na Tanga, na nne za Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali walipigiwa kura. Wengine walitiwa maji ya chumvi kwa haraka, wengine maji yenye albumini, na wengine hawakutiwa maji ya haraka kabisa. Dawa za malaria na za vijidudu, na damu kwa mwenye kuhitaji, hawakunyimwa.

Bila shaka wako wazazi waliohuzunika walipoambiwa kwamba mtoto wao ameangukia kundi la tatu. Kitanda cha jirani kina chupa inayoshuka upesi, na cha mwanawe hakina.

Mwezi wa Januari 2011 kamati ya wasimamizi, iliyokuwa ikiyatazama mahesabu kwa siri, iliamuru jaribio lisimame. Katika saa 48 za kwanza, kila watoto 100 waliotiwa maji ya haraka walikuwa wakifa kadiri ya 10 na nusu, na kila watoto 100 wa kundi la tatu walikuwa wakifa 7 na kitu. Yale maji yaliyokuwa yakisikitikiwa kwa uhaba wake yalikuwa yakiua. Wale walioonekana wameangukiwa na kura mbaya ndio waliokuwa wamesalimika. Na kwa miaka mingi kabla ya hapo, matabibu wema, wenye ilimu na huruma, walikuwa wakiyatia maji yale kwa imani safi, na mtoto akifa wakasema kwamba alikuja amechelewa. Lau hapangelipigwa kura, wangeliendelea hivyo, na hapana ambaye angelijua.

Jambo hili lapasa kumtetemesha kila mwenye kusema kwamba tabibu na afanye aonavyo, asijaribu. Yakini ya tabibu si hoja. Imepokewa kwa Abu Daud na wengineo kwamba mwenye kujitia katika utabibu naye hakujulikana kwa utabibu ni mdhamini wa atakachokiharibu. Na matabibu wale walijulikana, walikuwa na shahada, na vitabu vyao vilisema hivyo hivyo. Dhamana haikuwa juu yao. Walakini sasa kwa kuwa njia ya kujua ipo, mwenye kukataa kujua ni nani?

Limebaki jambo la ruhusa, nalo ni gumu kuliko kura. Mtoto wa aina ile huletwa usiku, naye yu baina ya roho na kifo. Karatasi ya maelezo ina kurasa nyingi, na kuieleza kwa haki huchukua muda ambao mtoto hana. Katika jaribio la Kilifi na wenziwe waliruhusiwa, pale ambapo hali ilikuwa ya kufa na kupona, kumweleza mzazi kwa maneno machache na kupata kauli yake, kisha maelezo kamili na saini yakafuata hali ilipotulia. Wako waliolilaumu hilo. Lawama yao si upuuzi, kwa maana ruhusa inayokuja baada ya tendo si sawa na inayotangulia. Ni kama mtu aliyejengewa nyumba katika kiwanja chake kisha akaulizwa. Walakini aliyetaka ruhusa kamili itangulie siku zote, maana yake ametaka kwamba maradhi yauayo kwa saa chache yasichunguzwe kamwe, na watoto wayapatao waendelee kutibiwa kwa kubahatisha. Sharia yajua darura, na darura hukadiriwa kwa kadiri yake: kauli fupi ichukuliwe pale tu ambapo ndefu haiwezekani, na mtu asije akaigeuza darura kuwa ada kwa kuwa ni nyepesi kwake.

Na hapa wanaume wa pwani wana jambo la kujiuliza. Usiku ule aliye hospitalini ni mama. Baba yuko safarini, au dukani, au nyumbani na watoto wengine, na desturi husema kwamba neno ni lake. Wako wanawake waliokataa kusema ndiyo wala hapana kwa kumwogopa mume, saa zikapita. Ulezi na uwalii ni haki ya baba, hapana anayempokonya. Lakini kuokoa nafsi hakungoji simu ijibiwe, na mwanamume mwenye busara humwambia mkewe mapema, kabla ya maradhi: ukiwa peke yako na mtoto mgonjwa, sikiliza, uliza, na kauli yako ni kauli yangu.

Auliziwe nini? Aulize kama ni jaribio au ni matibabu ya kawaida; tabibu mwingine, si kwa ubaya, huyasema maneno hayo mawili kwa sauti moja. Aulize mtoto akikataliwa kuingia atatibiwa vipi, na ajue kwamba jawabu la haki ni kuwa atatibiwa kama watoto wengine wa hospitali ile, bila ya kupungukiwa. Aulize kama aweza kumtoa kesho akibadili nia. Na aulize nani amelipitisha jambo hilo. Tangu mwaka 1964 madaktari wa dunia wana masharti yaliyoandikwa Helsinki, na Tanzania ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1979, ambayo majaribio ya namna hii hupitia kwa idhini yake. Muhuri si kinga ya kila ovu, lakini mtu wa Tinde wa mwaka 1934 hakuwa na hata huo wa kuulizia.

Si kila jaribio huwa la dawa. Mkoa wa Tabora, ambao Nzega ni wilaya yake, ulikuwa mmoja katika mikoa mitano ya Tanzania iliyoingia katika jaribio la kuwafundisha wakunga na wauguzi, kwa mazoezi ya mara kwa mara papo hapo kazini, namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui na mama anayetokwa na damu. Hospitali na vituo 30 viliingia, na mikoa ikaanza kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Khabari yake ilichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto wanaozaliwa wafu au wanaokufa mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 katika kila uzazi 1,000 hadi 12.5. Na mwulizaji aweza kusema: aliyejifungua katika mkoa uliongojea zamu, amedhulumiwa? Walimu wasipotosha kufundisha mahali pote kwa siku moja, hapana budi mmoja atangulie, na kutangulizwa kwa kura ni karibu zaidi na haki kuliko kutangulizwa kwa kujuana. Lakini mume aliyepotewa na mtoto katika wiki ya mwisho ya kungoja hataona faraja katika maneno haya, na si lazima aone.

Naye baba wa Kilifi au wa Muheza, ambaye mtoto wake alitiwa maji akafa, ana dai gani? Kwa kauli ya wanavyuoni, tabibu mjuzi aliyeruhusiwa, asiyezembea wala kuvuka mpaka, halipi diya. Lakini liko deni jingine ambalo halikuondoka, nalo ni deni la khabari. Majibu yalichapwa Marekani, kwa Kiingereza, katika jarida la madaktari. Mwenye kuomba ruhusa kwa Kiswahili kisha akatoa majibu kwa Kiingereza peke yake hajalipa. Na huko Nzega pengine Kiswahili nacho hakitoshi, kwa kuwa yuko bibi aliyekaa na mjukuu wake kitandani usiku kucha naye asema Kinyamwezi au Kisukuma tu. Huyo apelekewe mtu, hata ikiwa ni miaka miwili baada ya kaburi, akae naye chini, amweleze kilichojulikana, na akitaka kujua mjukuu wake alikuwa katika kundi lipi, aambiwe. Wengine hawatataka kujua, na hao waachwe.

Wallahu aalam.